Mgambo wa Nane

"Wakituzimia mtandao, na sisi tukaenda kuziweka simu zetu kanisani, Mama Sifa, hapo nani kamkomoa nani?"

Swali hilo aliulizwa na jirani yake wa Kimandolu, Mama Aminieli, siku kumi zilizopita, wakiwa wanaanika nguo kwenye kamba moja. Stafu Sajenti Anyesi Nnko, ambaye majirani humwita Mama Sifa, alikung'uta khanga akaianika. Alisema tu kwamba watu wa Mringeni ni watu wa kanisani, wana mambo yao. Leo Jumanne asubuhi jalada la watu haohao lilikuwa mezani kwake, na juu yake mkuu wa upelelezi wa wilaya, Afande Sironka, alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: *Kesho mahakamani. Kamilisha.*

Anyesi alivaa miwani akasoma tangu mwanzo.

Mtandao ulikuwa umezimwa kwa amri ya serikali, leo siku ya kumi na nane. Huko Mringeni, kwenye mteremko wa Meru, wazee wenye kadi za bima walikuwa wanarudishwa kutoka hospitali bila dawa kwa sababu mashine haiwezi kuzisoma kadi zao. Mwinjilisti wao, Nathanael Pallangyo, akatangaza mfungo. Kila mtu aliweka simu yake ndani ya kapu mbele ya madhabahu, kisha wakaenda kukaa kwenye nyasi mbele ya ofisi ya kata, asubuhi hadi saa sita, bila bango na bila kelele. Siku ya tatu ya kukaa, Jumanne iliyopita, mgambo waliwaondoa kwa virungu. Bibi mmoja wa miaka sabini na sita alivunjwa mkono. Ijumaa yake video ya dakika mbili ilikuwa inatazamwa Nairobi na Ulaya, na Jumamosi Nathanael akakamatwa kwa kuisambaza. Afande Sironka alikuwa amemchagulia kifungu kisicho na dhamana. Akifikishwa mahakamani kesho, atarudi nyumbani baada ya miezi, pengine miaka.

Ndani ya jalada kulikuwa na hati ya kukamata na nakala ya video, basi.

Anyesi alichukua jalada akashuka chumba cha kompyuta.

"Rudisha," alisema.

Koplo Hans, fundi wa kompyuta wa kituo, mtu mwenye kipara aliyebakiza miaka mitano astaafu, alirudisha. "Afande, hii ni mara ya tisa. Hata mkanda wa harusi yangu sijauangalia hivi."

"Kwenye harusi yako ulipigwa?"

"Siku hiyo hapana."

Kwenye kioo cha kompyuta watu walikuwa wamekaa kwa mistari, akina mama mbele na khanga zao mabegani. Nathanael alikuwa katikati ya mstari wa kwanza. Mgambo wakaingia kutoka kulia.

"Simamisha hapo. Hawa watu wanaangalia wapi?"

"Mbele."

"Mbele ndiko aliko mpiga picha. Na mbele yao kulikuwa na nini?"

Hans alijikuna kipara. "Ofisi ya kata."

"Na huu mstari mweusi hapa kushoto, mnene kama kidole?"

"Nilidhani kioo cha simu kimepasuka."

"Mpasuko haunyooki hivyo. Hiyo ni nondo ya dirisha. Endelea polepole. Hapo. Hicho cheupe kilichopita ni pazia, limepeperushwa." Anyesi alisogeza kiti. "Sasa nihesabie mgambo."

Hans alihesabu kwa kalamu, uso kwa uso, mara mbili. "Saba."

"Na mimi nimepata saba. Ilitokaje Mringeni hii, na mtandao hakuna?"

"Watoto wa mjini wanasema VPN, lakini hiyo inataka mtandao uwepo hata kidogo. Kule hapakuwa na wa kuvuta hata picha ya mbuzi. Hii ilibebwa kwa mkono hadi Namanga. Unavuka, unanunua laini ya Kenya, unatuma, unakunywa chai, unarudi."

"Siku moja?"

"Ukiamka mapema, na chai ya pili unakunywa."

Anyesi alipanga karatasi kwenye mkoba: za maelezo ya mashahidi, za maelezo ya onyo anayoandikishwa mtuhumiwa, na futi ya kupimia. Aliinamisha kichwa kidogo juu ya mkoba kama afanyavyo kila anapotoka kikazi, akasema amina, akaondoka.

*

Susana Kaaya, mzee wa kanisa wa Mringeni, alimpokea nje ya kanisa, mahali wanapofanyia mnada wa sadaka kila Jumapili baada ya ibada. Mikungu miwili ya ndizi iliyokosa mnunuzi ilikuwa bado imeegeshwa ukutani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kutukamata waliobaki?"

"Nimekuja kuona daftari la simu. Nimeambiwa mliandika."

"Sisi tunaandika hata mayai." Susana alilitoa kwenye kabati la sakristia, chumba cha nyuma ya madhabahu. Jina, aina ya simu, saini au dole gumba. Simu ziliingia kapuni Ijumaa jioni, kapu likafungiwa kabatini, zikatoka Jumatano, siku moja baada ya kipigo.

"Kabati lilifungwa?"

"Ufunguo ninalala nao. Marehemu mume wangu mwenyewe hakuwahi kuugusa."

Anyesi alihesabu. Waliokaa, kwa orodha ya Susana, walikuwa arobaini na watatu. Simu zilikuwa arobaini na mbili.

"Nani hakuweka?"

Susana alikohoa. "Jackline. Wa kwaya."

"Anafanya kazi gani?"

"Anauza parachichi Namanga, kila Alhamisi. Lakini mwanangu, mwinjilisti mwenyewe alimruhusu."

Anyesi aliandika: *Jackline. Simu. Namanga. Alhamisi.* Vilikaa vizuri mno kwenye mstari mmoja. Akaomba aitwe.

Jackline alikuja na ndoo ya maziwa mkononi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, na kila alipotembea alitangulia kutazama chini.

"Naomba kuiona simu yako."

Jackline aliichomoa kifuani. Ilikuwa kitochi, vitufe vimefutika namba, kimefungwa mpira wa nywele ili betri lisidondoke. Anyesi aliigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. Haikuwa na kamera.

"Kwa nini hukuiweka kapuni?"

"Ndiyo taa ninayokamulia, mama. Alfajiri kule zizini ni giza, na yule ng'ombe ana mateke. Mwinjilisti alisema mfungo ni wangu, ng'ombe hakufunga."

Susana aliangalia pembeni asicheke.

"Alhamisi uliyokwenda Namanga, ulipanda gari na nani?"

"Tulikuwa watatu tu. Dereva, mimi, na Efraimu."

"Efraimu ni nani?"

"Mjukuu wa Bibi Ndeshi. Bibi aliyevunjwa mkono." Jackline alihamisha ndoo mkono wa pili. "Ni mgambo."

Anyesi hakuandika neno. Alisubiri Jackline aondoke na maziwa yake, kisha akamgeukia Susana. "Mgambo wa hapahapa aliitwa kuja kuwaondoa ninyi?"

"Waliitwa wote wa kata. Na sisi hatukuwaogopa, nakwambia kweli. Tulikuwa tumeshaweka isale." Alionyesha ua wa majani marefu ya kijani uliozunguka kanisa. "Bibi Ndeshi alilifunga yeye mwenyewe, tukaliweka kwenye mlango wa mtendaji. Wewe si wa kwetu? Unajua."

Anyesi alijua. Mmeru akiletewa jani hilo limefungwa fundo, ameombwa amani, na hawezi tena kuinua mkono juu ya aliyelileta.

"Akafanyaje?"

"Akalifagia." Susana alifunga daftari. "Ni mtu wa mbali yule. Tulikaa kikao cha saa tatu kupanga nani alifunge, nani alibebe, litazame upande gani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama kwao lipo."

*

Mtendaji wa kata, Catherine, alikuwa na miezi mitano Mringeni. Alimkaribisha Anyesi kwa soda na akafunga mlango mwenyewe.

"Yale majani? Nilidhani yameletwa na upepo."

"Yamefungwa fundo?"

"Stafu Sajenti, huku kwenu kila kitu kimefungwa fundo."

"Siku ile ulikuwa chumba gani, mheshimiwa?"

"Hikihiki. Nilikuwa kwenye simu na wilaya. Niliamriwa waondoke. Sikuamriwa wapigwe."

"Nani aliwaambia mgambo wapige?"

Catherine alizungusha kizibo cha soda mezani. "Hakuna aliyewaambia wasipige."

Anyesi aliinuka akasogea dirishani. Dirisha la chumba kile lilitazama barabara. Aliomba kuona chumba cha pili. Kilikuwa stoo ya fomu za zamani na mifuko ya mbegu, hakina kufuli, na dirisha lake lilitazama nyasi. Lilikuwa na nondo nne na pazia jeupe la kufuma. Anyesi alisimama pale na simu yake mkononi, akaiinua taratibu juu ya kichwa chake mpaka mlingoti wa bendera ukakaa kulia na nondo ikakaa kushoto, kama alivyoona kwenye kompyuta. Akapiga picha moja. Akapima kwa futi kutoka sakafuni hadi simu ilipofika, akalinganisha na kimo chake: mpiga picha alikuwa mrefu kumzidi kwa kichwa.

"Ninaomba kitabu cha zamu."

Jumanne ile, majina nane, saini nane. La mwisho lilikuwa Efraimu Ndosi, kwa herufi kubwa za mtu aliyefundishwa kuandika na mtu mkali.

"Wote walikuwepo?"

"Wote walisaini posho," alisema Catherine. "Kama mmoja hakufanya kazi, ningependa kujua."

Anyesi alipiga picha ukurasa, akashukuru kwa soda.

*

Efraimu alikuwa shambani anapogoa kahawa. Alikuwa mrefu. Alipomwona mgeni alifuta mkono kwenye suruali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Bibi anaendeleaje?"

"Wamemfunga plasta. Anaona aibu kulishwa."

Anyesi alikaa kwenye gogo, mkoba magotini. Karatasi za maelezo ya onyo zilikuwa ndani yake. Hakuufungua.

"Siku ile mlikuwa nane."

"Ndiyo mama."

"Kwenye video wako saba."

Efraimu alikata tawi moja, akalitazama, akalitupa. "Labda mmoja alikuwa pembeni."

"Pembeni hakuna mahali. Kuna barabara upande mmoja na mfereji upande wa pili. Nimetoka huko sasa hivi." Anyesi alivua miwani akaifuta. "Ndani kuna stoo isiyo na kufuli. Dirisha lake limenifundisha kwamba aliyesimama pale ananizidi kwa kichwa."

"Watu warefu ni wengi."

"Waliosaini siku ile na wakapanda gari la parachichi Alhamisi?"

Mkasi wa kupogolea ulisimama.

"Nilipofika niliona isale kwenye takataka pale ngazini," Efraimu alisema. "Nalijua fundo la bibi. Kisha nikatazama, naye huyo, mstari wa mbele. Ningempiga vipi? Na kuwazuia wale saba nisingeweza. Nikaingia ndani. Kirungu nikakiweka kwenye mbegu. Nilikuwa na simu."

"Iko wapi?"

"Niliiuza Namanga."

"Nani alikuona dirishani?"

"Mmoja. Mwinjilisti." Alimeza mate. "Alinitazama machoni, akanitikisia kichwa. Nisipige picha."

"Kwa nini akukataze?"

"Ndiyo ulikuwa mfungo wake. Aliwaambia watu wote, Mungu anaona, inatosha." Efraimu alifungua mkasi, akaufunga. "Anaona, mama, nakubali. Lakini hakimu hakuwepo."

Chini kwenye mfereji mtu alikuwa anaita mbwa.

"Nikija kuandika maelezo, mwinjilisti anatoka?" Efraimu aliuliza.

"Wewe utaingia. Yeye, sijui."

"Mbona huandiki?"

"Sijakuonya. Usipoonywa, uliyoniambia shambani ni mazungumzo tu, hayasomwi mahakamani." Anyesi alisimama, akapangusa sketi. "Usitoroke. Wanaotoroka wananipa kazi, na mimi miguu inauma."

*

Saa tisa alasiri Anyesi aliweka jalada mbele ya Afande Sironka, na juu yake picha tatu: nondo, daftari la simu, kitabu cha zamu.

"Hakuna hata mmoja aliyekaa pale aliyekuwa na simu yenye kamera, afande. Video ilipigwa kutoka ndani ya ofisi ya serikali. Mwinjilisti yuko ndani yake, amekaa, mikono magotini. Hawezi kuwa mbele na nyuma ya kamera."

Sironka hakuwa mjinga. Aliweka kitabu cha zamu pembeni ya kompyuta, akasimamisha video, akaanza kufuta majina kwa kalamu nyekundu, uso mmoja baada ya mwingine. Alipofika la nane alilizungushia duara.

"Efraimu Ndosi. Umemhoji?"

"Nimeonana naye. Hakuna maelezo ya onyo. Simu hana."

"Kwa hiyo ninachohitaji ni mtu aliyemwona." Sironka aliegemea kiti. "Na aliyekaa mstari wa mbele anatazama dirisha ni nani? Umenifanyia kazi nzuri, Anyesi. Mleteni mwinjilisti."

Dakika ishirini baadaye karatasi ilikuwa imeshachapwa. Nathanael aliingia akiwa pekupeku, ameshika suruali kiunoni kwa sababu mkanda ulikuwa kaunta. Aliwasalimia wote wawili, akakaa alipoonyeshwa. Siku nne za mahabusu zilikuwa zimempunguza mashavu, lakini alisoma karatasi hadi mwisho bila haraka, kidole chini ya kila mstari.

"Hapa inasema nilimwona Efraimu dirishani na simu."

"Na unakubali kuwa shahidi," alisema Sironka. "Saini, chukua mkanda wako, mkeo yuko nje na hotpoti tangu saa nne. Jambo la Efraimu tutalimaliza wenyewe kwa wenyewe, kimyakimya. Hakuna mahakama ya watu wengi."

"Nisiposaini?"

"Kesho asubuhi unapanda kizimbani wewe. Mwinjilisti, hebu tuzungumze kama watu wazima. Kukaa kwenu kumewapa nini? Mtandao umerudi?"

"Haujarudi."

"Bibi Ndeshi je?"

Nathanael alitazama mikono yake. "Mkono wa Bibi Ndeshi ni juu yangu. Nilidhani tukikaa kimya watu wataona aibu, wataacha. Nikawaambia waweke simu kapuni, nikawafumba macho watu wangu mwenyewe. Nilikosea hapo. Kukaa peke yake hakutoshi, afande. Aibu inataka mtu wa kuiona."

"Basi, umejifunza. Saini."

Nathanael alichukua kalamu. Anyesi alikuwa amesimama karibu na kabati la majalada, mkoba begani, na alimtazama Sironka akitoa pumzi.

"Naomba kuuliza jambo moja," alisema Nathanael. "Hiyo kesi yangu ya kesho. Ushahidi wenu ni nini?"

"Video."

"Itaonyeshwa?"

Sironka alifunga jalada. Alimtupia Anyesi jicho la kumwambia anyamaze.

"Ndicho kielelezo pekee kilichomo," alisema Anyesi. "Ukipanda kizimbani, kesi ikisikilizwa, hakimu lazima akione. Na mahakama iko wazi. Anayetaka kuingia anaingia, mwenye mtandao na asiye nao."

"Stafu Sajenti."

"Ameuliza, afande."

"Yote?" Nathanael alimuuliza Anyesi. "Dakika mbili zote, na sura za wanaopiga?"

"Haikatwi. Ikikatwa, si kielelezo."

Sironka aliisogeza karatasi mbele kidogo kwa vidole viwili. "Utakaa ndani mwaka ukiisubiri siku hiyo. Unanisikia? Una watoto watatu. Mkeo yuko pale nje. Jina moja tu, la mtu ambaye tumeshamjua hata hivyo."

"Mnamjua, lakini hamna mtu wa kusema alimwona," Nathanael alisema.

Alifunika kalamu kifuniko chake, akailaza juu ya karatasi, juu ya nafasi iliyoachwa kwa saini. Akasimama, akakusanya suruali kiunoni kwa mkono wa kushoto, akamwinamia Anyesi kidogo kichwa, akaenda mlangoni na kuufungua mwenyewe.

Kulia palikuwa na kaunta, mkanda wake, viatu vyake na benchi alilokaa mkewe na hotpoti mapajani. Nathanael alipinda kushoto, kwenye korido ya mahabusu, akitembea mwendo wa kawaida, na konstebo wa zamu akalazimika kukimbia na funguo kumfuata.